Pua ya Daraja

Jelagat ananiuliza katikati ya pini mbili,
nyundo ingali juu, matope yamemfika magotini:
"Sajini, kazi hii ina mbele?"

Mbele, Koplo, ni ule ukingo wa pili,
pale mabati ya Mukuru yanapouinamia mto Ngong
kama watu wanaochungulia kaburi.
Juzi maji yalibeba kivuko cha mbao,
vibanda vitatu na cherehani ya fundi Akumu.
Leo mto umeshuka, umejifanya haujui lolote.

Piga pini kwanza. Nitakujibu.

Paneli moja, watu sita.
Shika! Inua! Hatua!
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, walisema wahenga;
hawakuwahi kubeba chuma na mtu mfupi upande mmoja.
Hapa mwenzio akilegea, bega lako ndilo litakaloarifiwa.

Nimebeba hivi miaka kumi na tisa.
Barua huja Ijumaa, saa kumi.
Karani Okwaro huikabidhi huku akitazama dirisha:
Garissa, miezi minane. Rudi Kahawa. Nenda Budalang'i.
Binti yangu Mumbua aliijua ramani ya nchi
kwa kumuuliza mama yake,
"Baba leo yuko mto gani?"

Mwezi uliopita nilivaa suti ya harusi yangu
nikaenda kwa mkandarasi mmoja, Upper Hill, ghorofa ya tisa,
lifti ikinipandisha polepole kama winchi yenye mashaka.
Kijana wa kucha safi akafungua faili.
"Umejenga madaraja mangapi?"
"Sitini na matatu."
"Yako wapi, tukayaone?"

Nikanyamaza. Koplo, nikanyamaza.
Yote tuliyafungua.
Pini kwa pini, tukazihesabu, tukazipaka grisi,
tukapakia malori, tukarudisha ghalani.
Nikawa kama mpishi anayetakiwa aonyeshe
ugali wa mwaka jana.
Akataka cheti cha bodi. Sina.
Nina cha kozi, mhuri umefifia,
na goti la kushoto linalotabiri mvua.
"Tutakupigia."
Simu naichaji kila usiku.

Sasa tazama kule mbele kabisa, ile sehemu nyembamba
isiyo na sakafu, iliyoinua uso kidogo.
Inaitwa pua.
Haitabeba gari, wala mkokoteni, wala mtoto wa shule.
Kazi yake ni kutangulia hewani,
uzito wetu wote huku nyuma ukiizuia isizame,
mpaka iguse ng'ambo, ilale juu ya roli,
kisha mtu aseme: "Imefika. Ifungueni."
Kesho watavuka, na hakuna atakayejua
kwamba daraja hili lilikuwa na pua.

Sikuambii haya ili uondoke.
Mimi mwenyewe, usiku ule chuma kinapogusa ukingo
na ule mtikisiko ukakupanda hadi kwenye meno,
sijawahi kutamani kuwa mtu mwingine.
Lakini wewe una miaka ishirini na minne na hesabu zako zinakaa sawa.
Kuna nafasi ya masomo, tangazo liko ubaoni,
limefunikwa na orodha ya zamu.
Lifunue. Jaza fomu leo,
kabla barua ya Ijumaa haijakutajia mto.
Tafuta karatasi, Jelagat. Chuma hakitoi ushahidi.

Saa kumi na moja na robo tunafunga ubao wa mwisho.
Meja Galgalo anavuka wa kwanza, kwa utaratibu.
Nyuma yake, bila utaratibu wowote,
mama mwenye mtungi wa gesi begani,
ana haraka, hatutazami.
Anakanyaga ubao wa nne, unalia,
nami najua ni boliti ipi.

Nageuka nimwambie koplo wangu ailete spana.
Hayupo.
Yuko ng'ambo tayari, amepiga goti,
spana mkononi,
anaifungua pua.